Je, Wajua? Kipupwe Ndani ya Mwamba

Julai ikifika, mvuvi wa Jambiani anayeshuka pwani alfajiri huvaa sweta chini ya koti la mvua. Ndicho kipupwe, baridi yetu watu wa pwani. Bahari nayo hupoa. Kwenye maji ya Unguja, Machi na Aprili joto la juu ya bahari hufika nyuzi 29 hata 30 za Selsiasi. Agosti hushuka hadi 25 hivi. Tofauti ni nyuzi nne au tano tu. Samaki hafi kwa hilo. Anayehama ni mvuvi.

Pepo za kusi zinapochachamaa, ngalawa haivuki mwamba na kurudi bila wasiwasi. Kwa miezi kama minne, riziki ya vyombo vidogo hubanwa kwenye ukanda mwembamba ulio kati ya ufukwe na mwamba: maji ya kiunoni, nyasi za baharini, mikoko, mashimo ya pweza. Mambo yaliyomo humu ni ya ukanda huo. Nimeyakusanya kwa kuwa naupenda, na kwa kuwa naona tunaupita haraka mno, macho yetu yakiwa kwenye jodari na nguru wa bahari kuu.

Je, wajua kuwa upepo unaomfungia mvuvi wetu ndio unaoleta mvua Uhindi?

Kusi huanzia mbali, kusini mwa Ikweta, ukivuma kutoka kusini-mashariki. Miezi hiyo bara la Asia limepata jua kali. Hewa yake hupanda na kuvuta hewa ya Bahari ya Hindi ijaze pengo. Upepo ukishavuka Ikweta, mzunguko wa dunia huupinda kuelekea mkono wa kulia, nao hugeuka kuwa upepo wa kusini-magharibi, ule unaosubiriwa na wakulima wa Uhindi kama sisi tunavyosubiri masika. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa aitwaye Findlater alieleza mkondo wa upepo wenye kasi kubwa unaopita juu ya mashariki ya Kenya miezi hii, kilomita moja na nusu hivi kutoka usawa wa bahari. Mkondo huo mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

La ajabu zaidi liko Somalia. Huko upepo huohuo huyasukuma maji ya juu kwenda mbali na nchi kavu, na maji ya chini, baridi na yenye rutuba, hupanda kuchukua nafasi yake. Julai na Agosti kuna sehemu za pwani ile ambapo bahari hushuka chini ya nyuzi 20, ndani ya ukanda wa joto! Samaki huneemeka, ila bahari huchafuka kiasi kwamba tangu zamani vyombo hupandishwa pwani hadi upepo utulie. Kwetu, kuanzia Kenya kushuka hadi Tanzania, mkondo wa pwani hukimbilia kaskazini kwa nguvu na maji hubaki na uvuguvugu.

Je, wajua kuwa kuna pwani za maji ya joto ambako baridi huua samaki kwa mamilioni?

Sisi huwa hatulifikirii, maana bahari yetu haijatufanyia hivyo. Lakini Florida na Texas, kusini mwa Marekani, ziko mahali ambapo samaki wa maji ya joto hufika kwenye ukingo wa uvumilivu wake. Yupo huko samaki anayeitwa snook, mkaaji wa mikoko, anayependwa sana na wavuvi wa ndoano. Januari 2010 baridi ilikaa Florida siku nyingi mfululizo, na snook wakafa kwa wingi mpaka serikali ya jimbo ikazuia kuwachukua, na upande wa Ghuba ya Mexico zuio likadumu hadi 2013. Kasa zaidi ya 4,500 walikutwa wakielea wakiwa wamepigwa ganzi na baridi, hawawezi kupiga mbizi wala kuogelea. Februari 2021 ikawa zamu ya Texas: angalau samaki milioni 3.8 walikufa, na kasa zaidi ya 12,000 wakapigwa ganzi. Watu waliwabeba kasa hao kwenye magari yao wenyewe wakawalaza kwenye kumbi zenye joto hadi walipozinduka.

Kwa hiyo mvuvi wa huko majira ya baridi huwinda joto. Hutafuta vilindi na mifereji ambayo maji yake hayapoi haraka, na siku ya jua hutafuta tope jeusi, kwa kuwa jeusi hunyonya joto na samaki hulijua hilo. Hata manatii, jamaa wa nguva wetu, hukusanyika kwenye chemchemi na kwenye maji ya moto yanayotoka mitambo ya umeme. Nguva wetu wenyewe hana shida hiyo ya baridi. Shida yake ni nyavu, na waliobaki ni wachache mno, wengi wao kwenye maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa.

Je, wajua kuwa mvuvi wa pwani hutumia kalenda mbili kwa wakati mmoja?

Hili ndilo ninalolistaajabia kuliko yote. Mvuvi ana maswali mawili kila siku: maji yatakupwa saa ngapi, na upepo utavuma wapi. Maji hufuata mwezi. Upepo hufuata jua. Kalenda moja haiwezi kujibu yote mawili.

Kwa maji, anatazama mwezi wa Kiislamu. Ukijua leo ni mwezi ngapi, umeshajua hali ya bahari. Mwezi mosi hadi nne hivi, kisha kumi na tano hadi kumi na nane, ni maji ya bamvua: hujaa sana na kukupwa sana, tofauti ya kina ikifika karibu mita nne Unguja na Mombasa. Katikati yake, mwezi nane hadi kumi, na ishirini na mbili hadi ishirini na tano, ni maji mafu. Bahari husogea kidogo tu, mita moja hivi, na wengi hutumia siku hizo kushona nyavu.

Kisha kuna jambo ambalo watu waliokulia pwani hulijua bila kufundishwa, na waliokulia bara hulikataa mpaka waonyeshwe. Maji ya bamvua ya Unguja hukupwa kabisa mnamo saa nne, asubuhi na usiku, na kujaa mnamo saa kumi, alasiri na alfajiri. Ni hivyo kila bamvua, mwaka mzima, kizazi kwa kizazi. Sababu ni kwamba bamvua huja pale jua na mwezi vinapovuta kwa mstari mmoja, kwa hiyo mwezi hufuata saa za jua. Na kila bandari ina ukawio wake usiobadilika kati ya kupita kwa mwezi na kujaa kwa maji. Bandari nyingine duniani bamvua zao hukupwa alfajiri au adhuhuri. Yetu hukupwa saa nne ya asubuhi, wakati jua limeshapanda na mtu anaona vizuri chini ya maji. Kina mama wa Jambiani na Paje, wanaokwenda kuchokoa pweza na kutunza mwani, maisha yao yamejengwa juu ya saa hiyo. Maji mafu yakija, mambo hugeuka: maji hujaa saa nne na kukupwa saa kumi.

Kwa upepo sasa, mwezi haufai kitu. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11. Ungeifuata Rajabu au Shaabani, kusi ingekukuta mara mwanzoni mara mwishoni. Ndiyo maana wazee walihesabu siku kuanzia Nairuzi, mwaka wa jua uliotoka Uajemi. Siku zake 365 hugawanywa katika makumi, kila kumi moja ikiitwa mwongo; miongo 36, kisha siku tano za kumalizia. Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa Kiarabu wa karne ya 15, alitaja siku za kusafiri kwa kuhesabu kutoka Nairuzi, na hesabu hiyohiyo ilikuwa vinywani mwa manahodha na wakulima wa mwambao wetu. Makunduchi bado wanauadhimisha mwaka huo kwa Mwaka Kogwa, mwezi wa Julai, katikati ya kipupwe. Kwa kuwa haina siku ya nyongeza, Nairuzi hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Miaka mia iliyopita ilianguka Agosti.

Leo kijana ana simu yenye programu ya kumwambia upepo na maji. Sina ugomvi nayo. Ila natamani kila mtoto wa pwani ajue kwamba bibi yake aliweza kumwambia hayo yote kwa kujua leo ni mwezi ngapi na mwongo wa ngapi.

Je, wajua kuwa tasi ana miiba 24, na yote ina sumu?

Tasi, ambaye Kenya huitwa tafi na kwingineko chafi, ndiye samaki wa kipupwe hasa. Hula majani ya baharini, hukaa palepale ndani ya mwamba, na hunasa kwenye dema. Hesabu miiba yake: kumi na mitatu mgongoni, saba chini nyuma ya tumbo, na minne kwenye mapezi mawili ya tumboni. Jumla 24. Kila mmoja una tezi ya sumu.

Nimekaa ndani ya mtumbwi mvuvi akifungua dema, na mikono yake ndiyo iliyonifundisha. Dema huja juu likichuruzika, limesukwa kwa fito na matundu ya pembe sita kama sega la nyuki, na mlango wake ni mdomo mpana unaofinyika kuelekea ndani, ili aingiaye asione pa kutokea. Alifungua kipande cha nyuma, akaliinamisha, samaki wakamwagika. Hakuwagusa. Alingoja watulie. Kisha akamshika tasi kwa kidole gumba na cha shahada, kwenye macho, kutoka mbele, akamgeuza kichwa chini. Wengine walipopiga mikia alirudisha miguu yake juu ya ubao bila hata kuangalia. Nilimuuliza ameshachomwa mara ngapi. Alisema hesabu ilimpotea tangu utotoni.

Dawa anayoijua ni maji ya moto, na anajua sawasawa. Sumu ya tasi, kama ile ya taa, ni protini, na joto huivunja nguvu. Unatumbukiza mkono au mguu kwenye maji ya moto ya kuvumilika, si ya kuunguza, nusu saa na zaidi, na maumivu hupungua. Mwiba ukibaki ndani, au uvimbe ukizidi, mtu aende kituo cha afya.

Hilo dema nalo lina habari yake. Matundu yake yakiwa madogo, hukamata na vitoto na samaki wembamba wa mapambo kama kitatange, ambao sokoni hawana bei. Kenya, watafiti na wavuvi walijaribu kuacha mwanya mwembamba wa kusimama kwenye pembe za dema. Watoto na wembamba wakapenya wakaenda zao, wakubwa wanono wakabaki, na pato la mvuvi halikuanguka. Fito mbili zimesogezwa kidogo, basi! Sijaona jambo jepesi zaidi la kuokoa bahari.

Je, wajua kuwa pono hulala ndani ya chandarua?

Aina kadhaa za pono, usiku ukiingia, hutoa ute mdomoni na kujifunika mwili mzima kwa utando mwepesi kama wa buibui. Watafiti waliwaondolea baadhi yao utando huo wakaona wanashambuliwa zaidi na vidudu vidogo vinavyonyonya damu ya samaki usiku. Ni chandarua kwelikweli, na asubuhi hukiacha nyuma. Na mchanga mweupe unaoukanyaga Nungwi au Diani, sehemu yake imepita tumboni mwa pono: huguguna matumbawe na mawe kwa mdomo wake wa kasuku, husaga, hula kilichomo, na kutoa mchanga.

Je, wajua kuwa pweza wetu huwinda pamoja na samaki, na wasiofanya kazi huwapiga ngumi?

Pweza anayechokolewa kwenye mwamba wetu, kutoka Lamu hadi Mtwara, ni yuleyule wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi yote, na tofauti na pweza wengi wengine yeye huwinda mchana. Bahari ya Shamu, watafiti waliomfuata kwa kamera walimkuta akitembea na kundi: chewa, na mkundaji mwenye ndevu mbili kidevuni za kunusia mchanga. Samaki hutafuta palipo na windo. Pweza huingiza mikono kwenye mwamba na kulitoa. Mwaka 2020 walichapisha jambo walilolirekodi tena na tena: pweza akirusha mkono mmoja ghafla na kumtandika samaki wa kundi lake mwenyewe. Utafiti uliofuata mwaka 2024 ulionyesha kuwa hupigwa zaidi wale wanaongojea kula bila kutafuta.

Ana mioyo mitatu, miwili ya kusukuma damu kwenye matamvua na mmoja wa mwili. Damu yake ni ya buluu kwa sababu hubeba hewa kwa shaba pale sisi tunapotumia chuma. Sehemu kubwa ya neva zake, kama theluthi mbili, iko mikononi, si kichwani. Ndiyo maana mkono uliokatwa huendelea kushika.

Kumwona kunahitaji jicho. Twende na mama mmoja wa kijijini, saa nne kasoro, maji yamekupwa. Ameshika nondo nyembamba iliyopindwa ncha, na kamba kiunoni. Hatafuti pweza. Anatafuta usafi. Tundu ambalo mbele yake mchanga umefagiwa, na pembeni pametupwa maganda ya kaa na kome yaliyo mapya, hayajaota ukungu, hilo lina mwenyewe. Huchomeka nondo polepole, husikiliza kwa mkono. Akiguswa, pweza hushika. Hapo tena ni mvutano, mama ameinama maji yakimfika magotini, na mkono wa kwanza wenye vikombe unatoka na kuzunguka kiwiko chake. Akishatoka humgeuza kichwa nje ndani, kitendo kimoja cha haraka, na mnyama hulegea. Ufukweni atapigwa kwenye jiwe mara nyingi apate kulainika, na jioni yake mtu wa Forodhani au wa Kariakoo atakunywa supu bila kujua safari hiyo.

Pweza huishi mwaka mmoja hivi, akizidi ni miezi michache tu. Hukua kwa kasi ya kutisha. Jike hutaga mayai laki kadhaa, hujifungia tunduni kuyapepea na kuyalinda kwa wiki kadhaa bila kula, na yakianguliwa hufa. Kwa hiyo pweza mama anayetolewa kwenye tundu lake ameondoka na kizazi chote. Maisha hayo mafupi yakiachwa kidogo hulipa haraka: mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagascar, kilifunga sehemu ya mwamba wake kwa miezi kadhaa, na kilipofungua pweza walikuwa wakubwa na wengi. Habari ikasafiri. Kisiwa Panza, Pemba, ni miongoni mwa vijiji vya kwetu vilivyojaribu na kuona. Ninalopenda katika habari hii ni kwamba wanaopoteza riziki kwa miezi ya kufunga, na wanaolinda, ni watu wale wale wa kijiji. Kina mama wa kuchokoa kwa miguu ndio wanaoumia kwanza. Na mwamba ukifunguliwa, nahisi ni haki wao wapewe siku ya kwanza kabla ya wazamiaji wenye miwani.

Je, wajua kwa nini hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi?

Mkizi huingia kwenye vijito vya mikoko kwa makundi, akila utando ulio juu ya tope. Akishtuka huruka juu kama mwenye hasira, tena na tena, na mara nyingine huangukia ndani ya mtumbwi. Mvuvi hana kazi ya kufanya ila kusema alhamdulillahi.

Je, wajua kuwa wazee wetu walivua kasa kwa kutumia samaki?

Chazo ana kibandiko juu ya kichwa, ambacho asili yake ni pezi la mgongo lililogeuka. Hujibandika kwa papa, kwa taa, kwa kasa, na hata chini ya vyombo. Wageni waliopita Zanzibar karne ya 19 waliandika jinsi wavuvi walivyomfuga hai, wakamfunga kamba mkiani, na kumwachia karibu na kasa. Chazo alijibandika, kamba ikavutwa. Leo kasa analindwa na sheria pande zote za mwambao, na ni vizuri iwe hivyo. Lakini ujuzi wa aliyewaza jambo hilo mara ya kwanza haupaswi kusahaulika.

Je, wajua kuwa mji wa Shanga ulianza kwa kula samaki wa ndani?

Katika kisiwa cha Pate, Lamu, wachimbuaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Mark Horton miaka ya 1980 walifukua mji wa Waswahili ulioanza karne ya 8. Mifupa ya jalalani ilisema wazi: watu wa mwanzo walikula samaki wa mwambani na wa maji mafupi, changu, pono, chewa na wenzao. Samaki wa bahari kuu waliongezeka baadaye. Ustaarabu wetu wa mwambao ulilelewa na ukanda huu.

Je, wajua kuwa changu mkubwa uliyemnunua huenda aliwahi kuwa jike?

Aina nyingi za changu, chewa na pono huanza maisha zikiwa jike, na baadhi hugeuka dume zikishakua. Ukivua wakubwa tu, umemaliza madume. Ukivua wadogo tu, umemaliza majike kabla hawajataga. Ukivua kwa juya, umemaliza wote.

Hapa niseme lililo moyoni. Juya hukokotwa juu ya nyasi za baharini na huzoa kila kilichomo, pamoja na vitoto vya changu vyenye urefu wa kidole, kwa sababu nyasi hizo ndizo kitalu chao. Kenya ilipiga marufuku juya mwaka 2001. Tanzania nayo hairuhusu. Bado nimeona likivutwa asubuhi peupe, watu ishirini kwenye kamba, wengi wao vijana wasio na chombo wala nyavu ya kwao. Siwezi kuwalaani. Kipupwe ndicho kipindi kigumu: msimu wa upepo wa kaskazi wangekuwa nje, sasa wote wamebanwa ndani, na ukanda ule mwembamba unabeba wavuvi wengi zaidi kuliko miezi mingine, wakati samaki wanaopatikana ni wachache. Mtu anayetaka kuondoa juya na aanze kwa kuuliza kijana yule atakula nini mwezi wa saba. Nyavu ya macho makubwa kwa mkopo wa kijiji, mafunzo ya kutengeneza dema lenye mwanya, zamu za kufunga mwamba: hayo yote yapo na yameshajaribiwa.

Je, wajua kuwa wageni wakubwa kuliko wote huja kwetu wakati sisi tumefungiwa ndani?

Nyangumi wa nundu, mwenye urefu wa mita 14 na zaidi, hula kiangazi chote katika maji ya Antaktika, kisha majira ya baridi ya kusini humsukuma kwetu kuzaa. Kuanzia Julai hadi Oktoba huonekana Watamu, Kizimkazi na kwingineko, mama na mtoto, hupita nje kidogo tu ya mwamba. Kwa miezi hiyo takriban hali kitu. Huishi kwa mafuta aliyoyabeba. Madume huimba, na mpiga mbizi aliyeshuka nje ya mwamba siku ya bahari tulivu anaweza kuisikia sauti hiyo ikimtetemesha kifua kabla hajaijua ni nini.

Septemba upepo huanza kulegea na kupinda mashariki, matlai hiyo, ikifuatiwa na kipindi ambacho mabaharia hukiita tanga mbili, kwa kuwa chombo huweza kwenda huku na huku. Ndipo wavuvi wa Kojani na Tumbatu huanza kuzungumzia dago, yaani kwenda kupiga kambi mbali na kwao, Tanga, Mafia, hata Kenya, kufuata samaki wa kaskazi. Ngalawa zilizokuwa zimepandishwa hugeuzwa, huzibwa nyufa kwa pamba na kupakwa sifa, mafuta ya papa, na harufu yake hukaa pwani siku tatu. Ndani ya mwamba, kina mama wanaendelea na saa nne yao.